Elimu ya Nyumbani: Utangulizi kwa Mtafiti na kwa Mzazi

Utangulizi huu unamkaribisha msomaji katika taaluma inayochunguza familia zinazowasomesha watoto nyumbani: mitaala inayochaguliwa, sababu za kuichagua, na maisha ya kila siku yanayoibeba mitaala hiyo. Nimeuandika kwa ajili ya watu wawili. Wa kwanza ni mwanafunzi wa ualimu, sosholojia au sera anayetaka kujua uwanja huu unaishia wapi na unauliza nini. Wa pili ni mzazi aliyekaa na kalamu usiku akilinganisha ada, nauli na afya ya mwanawe, akajiuliza kama yeye mwenyewe anaweza kuwa mwalimu. Watu hawa wanahitajiana. Mtafiti asiyebisha hodi kwenye nyumba za watu hatajua anachokitafiti, na mzazi asiyejua yaliyokwisha kuchunguzwa atarudia makosa ambayo wengine wameyalipia.

Mahali petu pa kuanzia ni Kibamba. Kata hii iko Manispaa ya Ubungo, kando ya Barabara ya Morogoro, ukishapita Mbezi na kabla hujaingia Mkoa wa Pwani. Ilikuwa sehemu ya Kinondoni kabla Ubungo haijawa wilaya ya peke yake. Wengi waliohamia huku walifuata kiwanja: walinunua eneo, wakaanza na vyumba viwili, wakaongeza kadiri fedha ilivyopatikana. Ndiyo maana nyumba nyingi zina ua, banda la kuku, mpapai na nafasi ya mtoto kukimbia. Kazi ya mshahara, hata hivyo, mara nyingi imebaki Kariakoo au Posta, na shule ambayo mzazi anaitamani huenda iko mbali na nyumbani. Mtoto wa basi la shule huamshwa saa kumi na moja alfajiri. Anayepanda daladala hugombania mlango na watu wazima, huku konda akimkwepa kwa sababu ya nauli yake ya mwanafunzi. Katika mazingira kama haya wazo la kusomea nyumbani huja lenyewe, hata kwa familia ambayo haijawahi kusoma ukurasa mmoja wa nadharia.

Hoja inayobeba utangulizi huu ni hii: kitu cha kwanza kuchunguzwa katika elimu ya nyumbani ni siku ya familia. Nani yuko nyumbani, saa ngapi, anazungumza na watoto kwa lugha gani, na kazi zipi lazima zikamilike kabla ya magharibi? Mtaala uliochaguliwa bila kuihesabu siku hiyo huishia kabatini, hata uwe mzuri namna gani. Na mtafiti anayelinganisha mitaala bila kuzijua siku zinazoibeba atakuwa analinganisha majalada ya vitabu.

Nani yumo, nani hayumo

Familia hizi si kundi la aina moja. Ipo inayomfundisha mtoto nyumbani tangu herufi ya kwanza hadi mtihani wa sekondari. Ipo inayokaa naye miaka ya awali tu, kisha inampeleka shule. Zipo tatu au nne zinazochanga fedha kumlipa mwalimu mmoja azunguke kwa zamu. Ipo iliyomwandikisha mtoto kwenye kituo kinachompa vitabu na mitihani, ilhali masomo yenyewe hufanyika mezani kwao. Ipo yenye mtoto mwenye selimundu, ambaye vipindi vya maumivu humtoa darasani mara kwa mara, au mwenye usonji ambaye kelele za darasa lililojaa zinamvuruga. Wengine wameongozwa na imani ya dini, wengine na ada, wengine na umbali. Mtafiti mwangalifu hutenganisha waliochagua na waliosukumwa, kwa sababu siku zao hazifanani hata kama vitabu vyao ni vilevile.

Mpaka mmoja lazima uwekwe mapema. Mtoto aliyebaki nyumbani kwa kukosa sare, au kwa kuwa anachunga wadogo zake, hasomeshwi nyumbani, amenyimwa elimu. Tanzania ilipoanzisha MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, mwishoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa inawatafuta watoto wa namna hiyo. Kuwachanganya na watoto wanaosomeshwa kwa makusudi kunawadhulumu wote wawili: yule wa kwanza anafichwa, na wa pili anashukiwa.

Nyumba ilifundisha kabla ya shule

Anayeingia katika taaluma hii akidhani imeanzia Marekani atakosa nusu ya urithi wake. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yaliyochapishwa Ujerumani mwaka 1903, ameeleza malezi ya mtoto wa pwani, michezo yake na safari yake ya chuoni kwa mwalimu wa Qur'ani. Mwaka 1938 Jomo Kenyatta alitoa kitabu chake juu ya Wakikuyu, na ndani yake elimu ya mtoto inaanzia mikononi mwa mama na baba. Miaka miwili baadaye Otto Raum akachapisha uchunguzi mrefu juu ya utoto wa Wachaga wa Kilimanjaro, akionyesha kwamba michezo, hadithi na kazi za shambani zilikuwa na utaratibu wa kufundishia. Kazi hizi tatu ni msingi wa taaluma hii kwetu, na ni vyema zisomwe kabla ya nadharia za ng'ambo.

Kisha shule ikachukua nafasi kubwa, na ilikuwa na haki ya kuichukua. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Humo alilalamika kwamba elimu iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni inamtenga kijana na jamii yake, na inamfanya aamini kuwa maarifa yote yenye thamani yanatoka vitabuni huku hekima ya wazee ikidharauliwa. Tiba aliyoipendekeza ilikuwa kuibadili shule, iwe na shamba na iwe sehemu ya kijiji. Azimio la Musoma la 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikafanya uandikishaji wa mtoto aliyetimiza miaka saba kuwa wajibu. Mamilioni ya Watanzania wanasoma na kuandika kwa sababu ya juhudi hizo. Mtetezi wa elimu ya nyumbani asiyeheshimu historia hii hataaminiwa na watu wa Kibamba, ambao bibi na babu zao wanakumbuka maisha ya kutojua kusoma barua.

Ng'ambo, mkondo ulikuwa tofauti. Calvert School ya Baltimore ilianza mwaka 1906 kutuma masomo kwa posta kwa familia zilizo mbali na shule, zikiwemo za wamisionari. Uingereza, Charlotte Mason alikuwa ameshachapisha kitabu chake cha elimu ya nyumbani mwaka 1886, akipendekeza vipindi vifupi, vitabu vyenye uhai, matembezi ya kutazama viumbe, na mtoto kusimulia alichosikia. Karibu karne moja baadaye, Marekani, walitokea watu wa mitazamo miwili. John Holt, mwalimu aliyekata tamaa ya kuirekebisha shule, alianzisha jarida mwaka 1977 kwa wazazi waliotaka mtoto aongozwe na udadisi wake. Raymond na Dorothy Moore, waliosikilizwa sana na Wakristo, walisema katika kitabu chao cha 1975 kwamba watoto wengi wanaanzishwa darasa mapema mno. Kufikia mwaka 1993 majimbo yote ya Marekani yalikuwa yanaruhusu elimu ya nyumbani. Vitabu vingi vinavyofika Dar es Salaam kwa wazazi vimetoka katika mikondo hii, na vimebeba mabishano ya huko ambayo si lazima yawe yetu.

Sheria kabla ya vitabu

Je, sheria inamruhusu mzazi kumsomesha mtoto nyumbani? Mataifa yamejibu swali hili kwa namna tofauti. Sheria ya Uingereza ya 1996 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayomfaa, shuleni au kwa njia nyingine. Afrika Kusini, kwa sheria ya shule ya mwaka huohuo, iliweka utaratibu wa mzazi kuomba mtoto asajiliwe kusomea nyumbani. Ujerumani inakataa, na mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu haikukubali maombi ya wazazi waliopinga katazo hilo. Kenya ina Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inayomtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni, na wazazi wanaosomesha nyumbani wameipeleka mahakamani.

Kwa Tanzania, sheria ya 1978 na marekebisho yake inazungumza lugha ya uandikishaji na mahudhurio ya shule. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inaweka elimu miongoni mwa haki za mtoto. Kwa hiyo mzazi wa Kibamba asianze na duka la vitabu. Aanze kwa Afisa Elimu Kata, aeleze hali ya mwanawe, na aulize ni shule au kituo gani kilichosajiliwa kinaweza kumpokea mtoto kwenye daftari na kwenye mitihani hata kama sehemu kubwa ya kusoma itafanyika nyumbani. Mazungumzo haya yana faida ya pili: mtoto anajulikana. Mwalimu, mganga, mjumbe na jirani wanaomfahamu kwa jina ni ulinzi wake, na familia yenye nia njema haina sababu ya kuwakwepa.

Kuchagua mtaala: mlango, lugha na saa

Wazazi huuliza ni mtaala upi bora. Taaluma yetu inawasaidia kwa kuligawa swali hilo. Mtoto atatokea mlango gani wa mitihani? Atafikiri kwa lugha gani? Mzazi ana saa ngapi za kweli kwa siku?

Mlango wa taifa unafungwa na kufunguliwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria mwaka 1973 baada ya nchi kujitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki. Upimaji wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanywa kupitia shule, ndiyo maana uhusiano na shule ni muhimu katika miaka hiyo. Sekondari ina njia zaidi. Asiyepitia madarasa ya kawaida anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT, na akifaulu anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya 1975, imewasindikiza wengi katika njia hiyo ya sekondari kwa ujifunzaji huria. Njia hii ilijengwa kwa ajili ya waliokatishwa masomo, lakini kila anayeichunguza elimu ya nyumbani nchini lazima aijue.

Mtaala wa taifa huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, sambamba na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inayopunguza elimu ya msingi kuwa miaka sita na kuongeza elimu ya lazima kuwa miaka kumi. Mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya na la saba la mtaala wa zamani watamaliza pamoja, na mzazi mwenye mtoto wa rika hilo anapaswa kulihesabu hilo sasa. Nguvu ya mtaala huu ni kwamba vitabu vyake vinapatikana, taasisi imeviweka pia katika maktaba mtandao, masomo ya mwanzo yamejengwa juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na mtoto anaposoma Historia ya Tanzania na Maadili anasoma kile anachosoma rafiki yake wa nyumba ya pili. Akirudi shuleni kesho hatajiona mgeni. Udhaifu wake nyumbani ni kwamba umeandikiwa mwalimu mwenye darasa zima: kazi za vikundi na majadiliano inabidi mzazi azibuni upya kwa watoto wawili au watatu.

Njia ya pili ni Cambridge. Mitihani yake ya IGCSE, iliyoanza mwaka 1988, inampokea mtahiniwa binafsi kupitia kituo kilichoidhinishwa. Kwa sayansi kuna karatasi mbadala wa vitendo, jambo linalomsaidia asiye na maabara. Cheti chake hulinganishwa na Baraza la Mitihani pale mwanafunzi anapotaka kuendelea nchini. Ila gharama za usajili ni kubwa, na Kiingereza cha mtoto lazima kiwe imara.

Njia ya tatu ni vijitabu vya Accelerated Christian Education, mfumo ulioanzishwa Texas mwaka 1970. Kila somo limegawanywa katika vijitabu kumi na viwili kwa mwaka. Mtoto husoma mwenyewe, hujisahihisha kwa kitabu cha majibu, na husonga mbele akipata asilimia 80. Kwa mama mwenye genge la mboga, ambaye hawezi kusimama ubaoni saa tano, mfumo huu ni msaada wa kweli. Lakini mifano yake ni ya Marekani, na mtoto anayejaza nafasi zilizoachwa wazi kila siku anaweza kukua bila kuandika insha wala kubishana kwa hoja. Familia inayouchagua inapaswa kuyaongeza hayo yenyewe.

Zipo pia njia zisizokuja na seti ya mitihani. Ile ya Mason inafaa kuliko watu wanavyodhani katika nyumba yenye vitabu vichache. Nakala moja inatosha familia nzima: mkubwa anasoma kwa sauti, wadogo wanasikiliza, kisha kila mmoja anasimulia kwa maneno yake. Hekaya za Abunuwasi na Adili na Nduguze cha Shaaban Robert vinatosha majuma mengi ya kazi hiyo. Njia ya Maria Montessori, inayompa mtoto vifaa vya kushika kabla ya alama za kuandika, inajulikana nchini kupitia vyuo vya walimu wa awali, na vifaa vyake vingi vinaweza kuigwa kwa kokoto, vizibo na maharage.

Kuhusu lugha, mtafiti hawezi kuikwepa ripoti ya Criper na Dodd ya 1984, iliyoonyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa Tanzania hakikuwa kinatosha kuwafundishia sekondari. Tangu hapo wanataaluma kama Martha Qorro wameendelea kusisitiza kwamba kujifunza Kiingereza vizuri na kujifunza mambo yote kwa Kiingereza ni mambo mawili tofauti. Nyumbani tofauti hiyo inaweza kuheshimiwa kwa urahisi kuliko shuleni. Mtoto anaweza kuelewa sehemu kwa Kiswahili kwa kugawana chungwa, kisha akajifunza maneno ya Kiingereza ya sehemu akiwa tayari anajua kinachosemwa. Mzazi anayeigeuza nyumba nzima kuwa ya Kiingereza asichokimudu anampokonya mtoto mwalimu wake bora, ambaye ni mama au baba anayezungumza kwa ufasaha.

Siku yenyewe

Tuseme kuna nyumba yenye watoto watatu: wa miaka mitano, minane na kumi na miwili. Baba anaondoka kabla ya mapambazuko. Mama anafuga kuku wa mayai. Kazi ya kwanza ya siku ni banda, na hapo hesabu imeshaanza: mayai 210 ni trei ngapi ikiwa kila trei inabeba 30? Wa miaka kumi na miwili anaandika daftari la chakula, dawa na mauzo. Mwisho wa mwezi daftari hilo linakuwa somo la faida na hasara. Tangi la lita 1,000 linajaza madumu mangapi ya lita 20? Wa miaka minane anafika hamsini akitumia vijiti, na hakuna anayemwambia kwamba hilo si somo.

Saa tatu hadi saa tano ndiyo saa ya vitabu. Saa mbili za mtoto mmoja au watatu, bila kuita majina wala kungoja wenzake arobaini, hufanya kazi kubwa. Kosa linaloonekana kwa familia nyingi mwanzoni ni kuihamishia shule nzima sebuleni, na kengele yake na ratiba ya vipindi vinane. Mama anachoka, mtoto analia, na kufikia Machi wamekata tamaa. Watafiti kama Alan Thomas, aliyechunguza familia za Uingereza na Australia katika miaka ya 1990, waliona kwamba ratiba kali hulegea yenyewe, na kwamba mazungumzo ya kawaida yanabeba mafunzo mengi kuliko wazazi walivyotarajia.

Mchana una kazi za nyumbani, usingizi wa mdogo, na umeme unaoweza kukatika. Wenye simu na bando huangalia Akili and Me au Ubongo Kids, vipindi vya Ubongo, shirika lililoanzia Dar es Salaam mwaka 2013. Alasiri ni ya watoto wenzao. Hapa jirani mwenye wasiwasi ana hoja nzuri: mtoto anahitaji rika. Kibamba inalo rika hilo kwenye kiwanja cha mpira, madrasa, kwaya na shule ya Jumapili. Familia inayosomesha nyumbani inapaswa kuziweka saa hizo katika ratiba kwa uzito uleule wa Hisabati.

Mahali penyewe ni kitabu. Bomba la maji kutoka mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, linakuja mjini likifuata Barabara ya Morogoro, na mtoto anaweza kufuatilia maji ya kikombe chake hadi mtoni, akauliza yanasafishwaje na yanapandaje mlima. Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis, kilichofunguliwa mwaka 2021, ni ramani ya nchi yenye sauti: Mwanza, Songea, Kigoma, Tunduma, kila jina likiwa na umbali, saa na nauli. Msitu wa Pande hauko mbali kwa somo la miti ya pwani na ndege. Siku ya kwenda mjini kuna Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967, na Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, ambako nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake halisi.

Ni lazima pia tuseme nani anayelipa. Katika familia nyingi saa hizi zote zinatoka kwa mama. Biashara yake inapungua, mapumziko yake yanakwisha, na asipoungwa mkono elimu ya watoto inajengwa juu ya uchovu wake. Wakati mwingine binti mkubwa anageuzwa mwalimu msaidizi na mlezi, masomo yake yakibaki nyuma ya ya kaka zake. Mtafiti anayeandika juu ya mafanikio ya elimu ya nyumbani bila kuhesabu saa za wanawake hawa hajaandika ukweli. Na baba anayetaka watoto wasomee nyumbani aonyeshe ni kazi ipi ataichukua yeye: hesabu za Jumamosi, kusoma kwa sauti usiku, au kupika ili mama afundishe.

Ushahidi unasema nini

Robert Kunzman na Milton Gaither walipitia tafiti nyingi za elimu ya nyumbani mwaka 2013, na mapitio yao ni mlango mzuri kwa mgeni. Wanatahadharisha kwamba tafiti nyingi zenye matokeo ya kupendeza ziliwachukua waliojitolea, hasa familia zenye elimu na uwezo. Hali ya familia inapozingatiwa, tofauti na watoto wa shule inapungua sana. Jambo moja linajirudia: watoto wa nyumbani huelekea kuwa imara katika lugha na kuwa dhaifu kidogo katika Hisabati. Kwa mzazi hilo ni onyo la kutumika kesho asubuhi: Hisabati haijifundishi yenyewe, ipewe saa yake na mtu anayeijua.

Afrika Mashariki nasi tumetumia mbinu inayofaa kuigwa. Mpango wa Uwezo, ulioanza mwaka 2009 katika Kenya, Tanzania na Uganda, uliwapima watoto nyumbani kwao badala ya darasani, kwa kusoma na hesabu za kiwango cha darasa la pili. Ulionyesha kwamba watoto wengi walioandikishwa shule walikuwa hawajaweza bado kusoma hadithi fupi. Mzazi yeyote anaweza kuiga mbinu hiyo kwa hadithi ya aya chache na hesabu za kutoa na kugawanya, kila muhula, na kuandika matokeo bila kujidanganya. Vilevile shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na nyingi kufunguliwa tena mwishoni mwa Juni, kila nyumba nchini ilionja kazi hii bila maandalizi. Kumbukumbu za miezi ile ni hazina ambayo wanafunzi wa shahada za uzamili wangeifanyia kazi wazazi wakiwa bado wanakumbuka.

Kwa anayeanza

Mwanafunzi wa taaluma hii aanze na familia moja iliyokubali, na aiombe imruhusu kuandika shajara ya juma zima: nani alifanya nini, saa ngapi, kwa lugha gani. Atafute pia familia zilizojaribu zikarudi shule, maana zinajua mambo ambayo wanaoendelea hawayasemi. Awasikilize watoto peke yao, kwa idhini yao na ya wazazi. Asichapishe jina wala alama ya kuwatambulisha, na matokeo ayarudishe kwa familia hizo kwa Kiswahili wanachokisoma. Maswali yanayomngoja ni mengi. Je, watoto wa nyumbani wa Dar es Salaam wanaingiaje sekondari? Familia zinazochanga mwalimu zinagawanaje gharama na mamlaka? Shule ya kata ingeweza kuwapokea siku mbili kwa juma kwa maabara na michezo?

Mzazi aandike shajara hiyohiyo kabla hajanunua kitabu chochote. Juma moja litamwonyesha saa alizo nazo. Saa hizo zitamwambia ni mtaala upi unabebeka, mlango wa mtihani utamwambia ni upi unafika, na upimaji wa kila muhula utamwambia kama mtoto anajifunza. Ikidhihirika kwamba hajifunzi, kumrudisha shule ni uamuzi wa mzazi makini, nao unastahili heshima ileile aliyopewa alipoamua kuanza.